Vidole Vinne vya Kioo

Hapa Livingston, Montana, upepo haubishi hodi.
Huteremka na bonde la mto, ukaangusha mabehewa matupu,
na sisi humu karakana, kando ya reli,
tunakula kwa kuuchongea nyuso.

Colter huchonga nyembamba.
Pua kali, taa mbili zilizokunja uso,
kioo kifupi, hakizuii hata nzi,
spika nne, rangi koti saba,
kila koti na msasa wake, kila msasa na mkono wangu.
Kava zake hukazwa kwenye fremu kwa boliti sita.
Zikisimama mlangoni
madereva wa malori hupunguza mwendo watazame.

Jumanne akaingia Ardith Kvale, miaka sabini na mmoja,
na pikipiki yake ya kiwandani, pana kama kabati,
kava imeshikiliwa na usukani wenyewe:
akigeuka, nayo inageuza uso.
Shavu la kushoto limepasuliwa na kware,
unyoya mmoja bado umenasa kwenye ufa.
Ndani, chini ya saa ya mwendo,
kipimo cha tairi, peremende, risiti ya kivuko iliyofifia.

"Tupa hiyo," Colter akasema. "Nitakuvisha ya kwangu."

Ardith akaizunguka ile nyembamba
kama mtu anayekagua farasi wa jirani.
"Niazime mpaka Big Timber.
Nikirudi ndipo tutaongea."

Tukangoja.
Colter akazipanga spana, akazipangua, akazipanga tena.
Mimi naijua barabara ile.
Lori likikupita pale darajani
kava pana huwa mlango uliosahauliwa wazi,
usukani unakuwa mali ya upepo,
nawe unaendesha kwa mabega mpaka yanawaka.
Lakini mvua ikija,
nyuma ya kioo kile kirefu unaweza kuhesabu noti.

Na ya Colter?
Mikono inalala usingizi.
Kichwa ndicho kinacholipa:
upepo hukwea kioo kifupi, ukatua kwenye kofia,
ukagonga, ukagonga, maili baada ya maili,
kama mdai anayejua uko ndani.
Nimewahi kumwambia: uzuri wa mkakasi.
Akanijibu kwamba hakuna anayepiga picha kabati.

Alirudi saa tisa na nusu.
Macho mekundu, machozi yamekaukia masikioni,
ametabasamu upande mmoja tu.

"Haigeuki nami," akasema. "Nikikata kona
yenyewe inatazama mbele,
kama Orrin wangu kanisani, Mungu amrehemu,
ukimnong'oneza neno wakati wa mahubiri."
Akavua glavu, akaitazama mikono yake.
"Lakini hii. Ona.
Miaka ishirini upepo umekuwa ukinivuta hii mikono.
Leo haukuniomba kitu."

Colter tayari ameshika daftari la bei.

"Nitengenezee ile ya zamani," Ardith akasema.
"Ziba ufa. Usiufiche sana.
Halafu nikatie kioo, vidole vinne kutoka juu."
"Vinne? Utalowa."
"Kipaji cha uso tu.
Nimechoka kuitazama mvua kama mtu aliye sebuleni."

Nikakata mimi, kwa msumeno mwembamba,
maji yakidondoka ili plastiki isiungue.
Kipande kikaanguka mezani, kimepinda kama ubavu,
kimejaa mikwaruzo ya wadudu wa kiangazi ishirini.
Ardith hakukitaka.
Akalipa, akapiga moto, akaondoka
na kava yake pana ikitikisa kichwa kila alipotikisa mikono,
na mimi nikafagia.

Jumatano nilifika mapema.
Mlango uko nusu, taa moja inawaka.
Colter amepiga magoti mbele ya nyembamba yake,
kile kipande amekishikilia juu ya kioo kifupi,
anakiinua kidogo, anakishusha,
jicho moja amelifumba.

Nikarudi nje, nikakohoa kwa sauti.
Nilipoingia alikuwa anapanga spana.